Atendaye ndani ya miwani ametenda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu barua ya msomaji mmoja iliyochapishwa hivi karibuni katika ukurasa huu. Msomaji huyo alisema kwamba uhalisia pepe (virtual reality), yaani ulimwengu wa kompyuta unaoonekana kwa kuvaa miwani maalumu, ni uongo uliopambwa, kwamba vyote vionekanavyo ndani ya miwani ile havipo, na kwamba kwa sababu hiyo mtu atendaye jambo humo hajatenda kitu. Dai la kwanza halikupimwa vizuri, na la pili ni kweli kwa sehemu tu. La tatu nalipinga kwa nguvu zangu zote, kwa maana ndilo ambalo vijana wetu watalichukua na kulifanya ngao siku watakapoulizwa walichomfanyia mwenzao.

Kwanza tuelewane tunazungumzia kitu gani. Uhalisia pepe haulingani na televisheni iliyosogezwa karibu na uso. Ndani ya miwani kuna picha mbili, moja kwa kila jicho, zinazotofautiana kidogo kama vile macho yetu mawili yanavyouona ulimwengu kutoka pembe mbili, na kuna vihisio vinavyofuatilia kila mgeuko wa kichwa ili picha nayo igeuke papo hapo. Wahandisi hulenga kwamba muda kati ya kichwa kugeuka na picha kubadilika usizidi takriban sehemu 20 za elfu moja za sekunde, kwa kuwa ukizidi hapo macho na sikio la ndani huupa ubongo taarifa zinazogongana, na mtu akaanza kusikia kichefuchefu. Fani yenyewe haikuanza jana. Mmarekani Ivan Sutherland alionyesha kifaa cha kuvaa kichwani mwaka 1968, kizito kiasi cha kulazimika kuning'inizwa darini, na kilichoonekana humo kilikuwa maumbo ya mistari mitupu. Tangu kampuni ya Facebook ilipoinunua Oculus, kampuni ya kutengeneza miwani hiyo, mwaka 2014, miwani hiyo imezidi kutoka maabara na kuingia sebuleni, na sasa tunaikuta hata kwenye mabanda ya maonesho yetu hapa Dodoma.

Katika maonesho ya Nanenane pale Nzuguni nilimwona mzee mmoja, mkulima wa alizeti kwa maelezo yake mwenyewe, akivalishwa miwani na kijana wa banda. Kijana alikaza mkanda kisogoni, akamkabidhi vishikio viwili mikononi, akamsimamisha katikati ya mraba uliochorwa kwa chokaa juu ya udongo. Skrini iliyowekwa pembeni ilituonyesha alichokuwa anakiona: alikuwa juu ya paa la jengo refu la ghorofa, na mbele yake ubao mwembamba ulitokeza hewani, chini yake barabara na magari madogo kama punje. Kijana akamwambia, "Babu, piga hatua tu, hapo ni chini, udongo ule ule uliokuja nao." Mzee akanyoosha mguu, akagusa udongo kwa ncha ya kiatu, akaurudisha. Jasho lilimtoka mpaka vioo vikaingia ukungu. Kisha akasema, "Mwanangu, najua ni chini. Miguu ndiyo haitaki." Watu waliokuwa wamezunguka walicheka, lakini neno lile kwangu lilikuwa na uzito kuliko kurasa nyingi nilizopata kuzisoma kuhusu jambo hili.

Maana mzee yule hakudanganywa. Uongo unahitaji mtu aliyeaminishwa jambo lisilo kweli, na pale hakuna aliyeaminishwa: kijana alimweleza ukweli, mzee akaukubali, na bado mwili wake ukatoa jibu lake wenyewe. Mwandishi wa barua ile anapouita uhalisia pepe uongo, anapaswa kutuonyesha nani amemdanganya nani. Hofu ya mzee ilikuwa hofu kamili, na jasho lake lilikuwa jasho. Madaktari wameligeuza jambo hilo kuwa dawa: tangu mwaka 1995 zimechapishwa tafiti za wagonjwa wanaoogopa urefu ambao walisaidiwa kwa kupandishwa hatua kwa hatua katika miinuko ya uhalisia pepe, na katika Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle watafiti waliunda bonde la theluji ambalo mgonjwa aliyeungua moto hutembezwa humo wakati vidonda vyake vinasafishwa, naye akaripoti maumivu pungufu. Theluji ile haikuwa theluji, lakini nafuu ilikuwa nafuu.

Sasa, kama si uongo, ubao ule ulikuwa nini? Mwanafalsafa David Chalmers, mzaliwa wa Australia anayefundisha New York, ameshikilia kwa miaka kadhaa kwamba vitu vya uhalisia pepe vipo kweli, ila vimeundwa kwa data zilizomo ndani ya kompyuta badala ya mbao na mawe. Hoja yake ina nguvu kuliko inavyosikika mara ya kwanza. Ubao ule ulikuwa na mahali katika kumbukumbu ya kompyuta. Watu wawili wakiingia katika programu moja wote wanauona. Mmoja akiusogeza, umesogea kwa wote wawili. Na ukitoka leo ukarudi kesho, unaukuta pale ulipouacha. Ndoto haina sifa hizo. Picha nayo haina zote: twiga waliochorwa na wazee wa kale kwenye miamba ya Kolo, Kondoa, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, ni michoro halisi ambayo hakuna mtu anayeiita uongo kwa sababu twiga hao hawali majani, lakini mtazamaji hubaki nje ya mwamba na twiga hawamgeukii. Ndani ya miwani kitu kinakujibu.

Namfuata Chalmers mpaka hapo, kisha nasimama. Kusema kwamba ubao ule ni kitu fulani halisi hakutoshi kuufanya ubao. Kila kitu kina sharti lake la kuwa kile kilivyo, na kwa kadiri ninavyoona, masharti hayo hayafanani, na kosa kubwa katika mjadala huu ni kuuliza swali moja juu ya vitu vyote kwa pamoja.

Chukua mvua. Sisi wa Dodoma tunaishi katika ukanda wa nusu jangwa, tunapata msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, na mkulima wa uwele wa Bahi au Chamwino anajua wiki mbili za jua kali mwezi Januari zinaweza kumfanyia nini. Fundi wa kompyuta anaweza kuunda mvua ya radi yenye harufu zote isipokuwa ya udongo, inyeshe mwaka mzima, na visima vya Makutupora visipate tone. Mvua inahitaji maji. Hapo mwandishi wa barua ana haki yote, na anayesema kinyume chake awaambie wanaobeba ndoo.

Chukua fedha. Ukienda Soko la Majengo kununua zabibu, muuzaji anakutajia namba, unabonyeza simu, simu yake inalia, anasoma ujumbe, anakufungia zabibu zako kwenye mfuko. Hakuna noti iliyotoka mfukoni mwako wala sarafu iliyoingia kwenye kibubu chake. Kilichobadilika ni tarakimu mbili katika kompyuta ambayo wewe na yeye hamjawahi kuiona. Tumekuwa tukifanya hivyo nchini tangu mwaka 2008, na sijamsikia mtu akilalamika kwamba amelipwa fedha zisizokuwapo. Kwa nini? Kwa sababu fedha, hata ile ya karatasi, uwepo wake umesimama juu ya makubaliano yetu na juu ya taasisi inayoyalinda, na makubaliano yanahama kutoka karatasi kwenda kwenye kompyuta bila kupungukiwa kitu. Fedha ndani ya kompyuta ni fedha. Mvua ndani ya kompyuta si mvua. Ulimwengu ni ule ule, kompyuta ni ile ile, lakini majibu ni mawili.

Kiwanja kinakaa katikati, na kwa mji wetu mfano huu haupaswi kupita haraka. Mwezi Novemba 2021 ardhi katika ulimwengu wa kompyuta uitwao Decentraland iliuzwa kwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban dola milioni 2.4 za Marekani. Wengi walishangaa, wakasema watu wamenunua hewa. Lakini hebu tutazame kiwanja cha hapa kwetu kina nini. Kuna umiliki, na kuna ardhi. Umiliki ni ramani ya upimaji, hati, muhuri na kumbukumbu katika masijala. Ukiondoa makubaliano ya watu, bikoni nne zilizozikwa katika pori la miiba hazisemi lolote. Sehemu hiyo ya kiwanja inaweza kuhamia ndani ya kompyuta kama fedha ilivyohamia, na aliyenunua Decentraland amepata umiliki wa aina yake. Ardhi yenyewe ndiyo haikuhama. Huwezi kuchimba msingi humo, kulima, wala kumzika baba yako. Tena uhaba wa viwanja vya mitaa yetu ya Ilazo au Kikuyu hakuna aliyeuamua, kwa kuwa hakuna awezaye kuumba Kikuyu ya pili. Uhaba wa viwanja vya humo umewekwa kwa kanuni, na kanuni huandikwa na watu. Mnunuzi anapaswa kuelezwa ni nusu ipi aliyoinunua. Huko ni mbali na kusema hakununua kitu.

Nimekaa sana juu ya vitu ili nifike kwenye matendo, ambako ndiko barua ile imekosea vibaya. Tendo nalo lina masharti yake. Kuua kunahitaji uhai uliokatika, kwa hiyo anayempiga risasi adui katika mchezo wa kompyuta hajaua, na ningemtetea kijana yeyote anayehukumiwa na watu wazima kana kwamba ameua. Vilevile kuna mambo ambayo wachezaji wameyakubali kabla ya kuanza: katika bao, anayekula kete za mwenzake hajamwibia. Lakini ahadi inahitaji nini? Inahitaji anayeahidi na anayeahidiwa. Tusi linahitaji mtukanaji na mtukanwaji. Usaliti, faraja, fundisho, msamaha, vyote vinahitaji nafsi mbili na njia ya kufikishana maana, na nafsi zilizovaa miwani ni zile zile zilizoivua. Umbo la katuni linalonisemea ndani ya programu linaweza kuwa la simba au la roboti. Anayesema ni mimi. Kama nimeahidi kukulipa, deni limeingia. Kama nimekutukana mbele ya watu, nimekutukana mbele ya watu.

Wapo watakaoniambia kwamba hiyo ni nadharia. Mwaka 1993 gazeti moja la Marekani lilichapisha habari ya LambdaMOO, ulimwengu wa kompyuta usiokuwa hata na picha, wenye maandishi matupu, ambamo mtumiaji mmoja alitumia programu kuwafanya wahusika wa wenzake waonekane wakitendewa na kutenda mambo ya aibu ya kimwili mbele ya wengine. Hakuna mwili ulioguswa. Hata hivyo mmoja wa wanawake waliotendewa hivyo alikiri kwamba alikuwa akitokwa na machozi alipokuwa akiandika kudai mkosaji aadhibiwe, na jumuiya nzima ikalazimika kukaa na kujiuliza sheria zake ni zipi. Kule Uholanzi, vijana wawili walimpiga na kumtishia kwa kisu mvulana wa miaka 13 ili aingie katika akaunti yake ya mchezo wa RuneScape na kuwaachia hirizi na kinyago alivyokuwa amevipata humo. Utetezi wao ulikuwa ule ule wa barua ninayoijibu: vitu hivyo havipo, ni data tu, basi hakuna kilichoibwa. Mwaka 2012 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo iliukataa utetezi huo, ikasema vitu hivyo vilikuwa na thamani kwa mvulana yule kutokana na muda na juhudi alizotumia kuvipata, vilikuwa chini ya mamlaka yake peke yake, na akanyang'anywa. Huo ni wizi. Nchini kwetu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imekataza unyanyasaji wa mtandaoni bila kungoja wanafalsafa wamalize kubishana juu ya uwepo wa mtandao, na nadhani watunga sheria wetu waliitunga wakijua kwamba anayeumia ni mtu.

Hoja nyingine husikika kila mjadala huu unapoibuka, nami sitakaa juu yake sana. Inasemwa kwamba huenda hata dunia hii ni programu ya kompyuta ya viumbe wengine, jambo ambalo mwanafalsafa Nick Bostrom alilijengea hoja mwaka 2003, na ambalo kwa sura nyingine mwanafalsafa Mfaransa René Descartes alilifikiria tangu mwaka 1641 alipomwazia mdanganyifu mwenye uwezo wote. Vijana wanaipenda hoja hii. Mimi naona haibadilishi lolote katika tunayojadili. Hata kama ingekuwa hivyo, mtoto anayelia kwa njaa kule Mpwapwa angekuwa analia kwa njaa, na aliyechukua chakula chake angekuwa amekichukua.

Ya Robert Nozick ni tofauti, maana inagusa tendo. Mwaka 1974 mwanafalsafa huyu wa Marekani aliuliza kama mtu angekubali kuunganishwa maisha yake yote na mashine ya kumpa kila hisia anayoitamani, akiamini anaandika kitabu kikubwa au anapata rafiki, ilhali amelala ndani ya tangi. Jibu lake lilikuwa hapana, kwa kuwa binadamu haridhiki na hisia ya kutenda, anataka kutenda kwenyewe. Watu huiazima hoja hii kuupiga uhalisia pepe, nao wanakosa shabaha. Aliye ndani ya mashine ya Nozick amesahau kwamba yumo, na yatakayompata yamekwisha kupangwa. Aliyevaa miwani anajua amevaa, anachagua, na anakutana na wengine wanaochagua. Kile ambacho Nozick alikiona kimekosekana katika mashine yake ndicho kilichomo humu pale watu wawili wanapokutana. Hoja yake, ikisomwa vizuri, inaniunga mkono.

Yapo mashaka yangu, na siyafichi. Tarehe 10 Machi 2023 kampuni ya Microsoft iliifunga AltspaceVR, ulimwengu pepe iliokuwa imeununua mwaka 2017, ambamo watu walikuwa wamefanya mikutano, ibada na hata harusi. Siku hiyo kumbi zote zilitoweka kwa uamuzi wa mmiliki mmoja. Je, kutoweka huko kunathibitisha kwamba kumbi hizo hazikuwapo? Wazee wa mkoa huu wanakumbuka Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, familia zilipohamishwa kutoka makazi yao ya asili kwenda vijiji vipya. Tembe zilizoachwa, nyumba zetu za asili za udongo, ziliporomoka, lakini hakuna anayethubutu kuwaambia waliozaliwa humo kwamba hawakuwa na kwao. Kitu kikishakwisha hakigeuki kuwa ambacho hakikuwahi kuwapo. Tofauti ninayoiona ni nyingine, nayo inanisumbua: tembe iliyoanguka huacha lundo la udongo, mawe ya jikoni, makaburi na mbuyu ambao mjukuu anaweza kuonyeshwa. Ukumbi wa kompyuta ukifungwa hauachi kifusi. Yaliyotendeka humo yanabaki katika nafsi za waliokuwamo tu, na ushahidi, kama upo, umo mikononi mwa kampuni ambayo ofisi zake hazipo Dodoma wala Tanzania.

Kwa hiyo ninapomsikia mwenye shule au mwenye kituo cha vijana akijivunia kwamba ameagiza miwani ya uhalisia pepe, simuulizi kama wanafunzi wataona vitu vya kweli au vya uongo. Ninamuuliza kumbukumbu za yanayofanyika humo zinahifadhiwa wapi, nani anaweza kuzifuta, na mzazi akizihitaji atazipata kwa nani. Kisha namwomba jambo ambalo halihitaji fedha: mwanafunzi akija kusema kwamba ametukanwa au ameshikwashikwa ndani ya miwani ile, mwalimu wa malezi asimwambie kwamba ni mchezo tu. Amkalishe, aandike majina na saa, na amwite aliyetajwa siku hiyo hiyo, kama ambavyo angefanya lalamiko lingekuwa limetoka uwanjani au bwenini.

Wako,
Mwalimu wa sekondari,
Kikuyu, Dodoma.